Runinga ya chogo kwa Ami

Matangazo ya analojia yalipozimwa Mombasa, Februari 2015, Ami alikataa katakata kununua king'amuzi. Runinga yake ya inchi 21 ikawa meza ya feni pale sebuleni Kibokoni, imetandikwa kitambaa cha kudarizi, miaka nenda miaka rudi.

Mimi na binamu yangu ndio tuliokuja kuitaka. Tulikuwa tumetia Tekken 3 kwenye kompyuta yake, mchezo wa PlayStation wa 1998 tuliokulia nao vibandani, lakini kwenye skrini bapa wapiganaji walikuwa vigaevigae, nyuso zimekatika pembe. Binamu akalaumu kompyuta. Mimi nikasema kompyuta haina kosa: mchezo ule ulichorwa kwa kioo cha tyubu, kama cha runinga ya Ami, ambacho huzilainisha kingo na kuziacha rangi ziingiane.

Fundi mmoja wa Mwembe Tayari akatuuzia kadi ya zamani ya picha, yenye tundu la kupeleka picha kwenye TV, pamoja na waya zake: ya njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. "Lakini yakhe, nyuma msifungue," akatuonya. "Hata mkichomoa plagi, mle ndani umeme umebaki." Kweli kabisa, tyubu ya rangi hufanya kazi kwa maelfu ya volti.

Feni tukaiweka chini, kitambaa tukakikunja. Rimoti ilishapotea zamani, tukabonyeza vitufe vya mbele mpaka AV, njia ya kupokea waya zile, ikatokea. Nilipopitisha mkono karibu na kioo, malaika yakanisimama. Pembeni palikuwa na doa la zambarau, upande ule ule Ami alioegemeza spika ya redio; sumaku haina adabu.

Kwanza tulivunjika moyo. Maandishi ya kompyuta hayakusomeka, na kila mstari mwembamba ulitetemeka. Runinga zetu za chogo, za mfumo wa PAL, huchora picha nusu nusu, mara 50 kwa sekunde: mistari ya witiri, kisha ya shufwa. Kwa hiyo mstari wa nukta moja huonekana kwenye nusu moja tu, nusu ya pili haumo. Kwa kazi ya ofisi ni balaa.

Mchezo ulipofunguka, binamu akanyamaza. Vigae vilikuwa vimeyeyuka, nguo zina mikunjo, moto unawaka kama moto. Na ukibonyeza, ngumi imeshafika, kwa sababu tyubu huchora mawimbi yanapoingia, haingojei kuyachakata.

Ami akarudi kutoka msikitini baada ya isha, akatukuta tumekaa chini.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Mumeifufua? Taarifa ya habari yaingia?"

"La, Ami. Ni kompyuta hii, twacheza mchezo."

"Basi bure tu," akasema, akavuta kiti. "Huyo mwenye ndevu ni wa nani?"