Siku yangu moja wodini, na ile 20 inayoandikwa kwa kila mgonjwa

Saa 1 asubuhi. Ripoti. Mwenzangu wa usiku macho mekundu anapita kitanda kwa kitanda, huyu katulia, yule naye katulia. Nauliza katulia na vipimo gani, jana jioni alikuwaje? Ananiangalia kama namchelewesha kwenda kulala, na ni kweli namchelewesha.

Saa 1 na nusu. Kabla sijagusa mashine yoyote napita kusalimia. Watu wanadhani ni uungwana tu, kumbe kazi ishaanza. "Shikamoo baba, umeamkaje?" akinijibu sentensi nzima bila kukatisha kuvuta hewa najua njia ya hewa iko wazi na kichwa kinafanya kazi. Anayejibu maneno mawili mawili, au kakaa ameinamia mbele mikono iko magotini, huyo ndo naanza naye hata kama kitanda chake cha mwisho. Rangi pia naangalia, ila kwa ngozi nyeusi ukisubiri kuona bluu usoni utachelewa, mwambie atoe ulimi, angalia ndani ya mdomo, vuta kope la chini uone damu ikoje.

Saa 2. Vipimo. Joto, presha, mapigo, oksijeni, mashine ndo inasema. Pumzi hazina mashine wodini kwetu, zinataka macho na saa yenye mshale wa sekunde, na ndo maana hakuna kipimo kinachodanganywa kama hiki. Fungua chati yoyote uone, 20, 20, 20, wodi nzima inapumua kama kwaya! Mtu mzima aliyepumzika anapumua kati ya 12 na 20 kwa dakika, so ukiandika 20 hakuna wa kukuuliza. Shida ni kwamba mwili ukianza kuzidiwa pumzi ni kati ya vitu vya kwanza kubadilika, mara nyingi presha bado iko vizuri kabisa. Mimi namshika mkono napima mapigo, nikimaliza siuachii, macho yanahamia kifuani nahesabu dakika nzima, na simwambii, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake anaanza kupumua kivingine hapohapo. Ile ya kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, ukipotea pumzi moja tu ushapotea 4.

Mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo nilimpata pumzi 18, mapigo 84. Ishikeni hiyo 18.

Saa 4. Raundi ya madaktari, ikaenda ilivyoenda. Ikaisha tukapokea mgonjwa wa tumbo, mwanafunzi wetu kanyoosha mkono moja kwa moja abonyeze. Nikamzuia. Kwenye tumbo unaangalia kwanza, unasikiliza, unagonga, kubonyeza ndo mwisho, maana ukianza kubonyeza unaweza kuvuruga zile sauti za utumbo. Na panapouma pawe pa mwisho kabisa, la sivyo atakaza tumbo lote na hutapata kitu. Alafu wakati unabonyeza usikodolee tumbo, angalia uso wake.

Saa 6 mchana. Mzee mmoja presha 178 kwa 96, mwanafunzi kashtuka anataka kukimbilia dokta. Taratibu basi. Mzee katoka chooni sasa hivi, anapiga stori, kakunja mguu juu ya mguu, na mkanda wa presha mdogo kwenye mkono mnene, na mkanda mdogo unasoma juu. Tukamkalisha dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee, mkanda mkubwa, ikaja 146 kwa 88. Bado iko juu tukaandika, ila sio ya kukimbiza mtu.

Saa 8 mchana. Narudi kwa yule mama. Pumzi 26. Nikahesabu tena, 26. Presha 114 kwa 72, joto 37.4, oksijeni 96, mapigo 104, mwenyewe anasema "sista niko sawa, nimechoka tu". Ukisoma namba moja moja utasema hana neno, hata hiyo oksijeni ni nzuri, ila ni nzuri kwa sababu anahema kuilinda. Nikaangalia na mfuko wa mkojo, kidogo mno, tunategemea walau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kila saa na yeye hafiki. Kwenye NEWS2, ile chati ya kujumlisha alama za vipimo vya mgonjwa iliyotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2017, pumzi 25 kwenda juu pekee ni alama 3, na alama 3 kwenye kipimo kimoja inatosha kuita dokta haraka.

Nikamsikiliza mgongoni kwanza, sio kifuani tu kama wengi tunavyofanya kwa haraka, chini kulia kulikuwa na mlio wa kukwaruza. Nikapiga simu. Dokta akauliza presha ikoje, nikamwambia presha nzuri dokta ila pumzi zimetoka 18 hadi 26 ndani ya masaa 6, mkojo umepungua, pafu la kulia chini lina mlio, naomba uje umuone sasa. Akaja. Picha ikaonyesha nimonia inaanza, antibayotiki zikaanza jioni ileile, tukamwinua kichwa cha kitanda na kumfundisha kukohoa huku amekumbatia mto juu ya mshono.

Saa 11 jioni. Ndugu wa babu mwenye kisukari ananivuta pembeni, "leo haongei kama yeye". Ndugu akisema hivyo mimi nasimama, anamjua kuliko chati. Kipimo cha Glasgow, kile cha kupima fahamu cha Teasdale na Jennett cha 1974, kinachoanzia 3 hadi 15, alipata 14 kwa sababu alijibu mwaka usio wenyewe. Nani angeruka kitandani kwa 14? Kupima sukari, 3.1, imeshuka. Anameza vizuri, tukampa sukari kwa mdomo, dakika 15 baadaye 5.2 na ananiuliza mbona mmenizunguka.

Saa 1 usiku. Ripoti tena, yule yule wa usiku. Kwa mama nikamtajia namba zote, 18, 26, sasa 22, naomba dada umhesabu tena saa 3, dakika nzima. Akacheka, akasema haya.

Kesho wananipeleka wodi ya watoto, kule 20 sio kipimo cha mtu. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 ndo tunasema anapumua haraka, wa mwaka 1 hadi 5 ni 40, na lazima uhesabu akiwa ametulia, sasa mtoto akikuona tu na sare yako ashaanza kulia, sijui nitawahesabia saa ngapi, labda wakilala.