Mahudhurio ya Warsha Hayapimi Ajira

Kwa miaka kadhaa nilisaidia kuandaa warsha za ajira kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Kila muhula ripoti yetu ilijaa idadi ya waliohudhuria na ya wasifu tuliousahihisha, lakini haikueleza kama kijana aliyetoka kaya ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, alipata kazi kwa msaada wetu, au angeipata hata bila sisi. Namkumbuka binti mmoja aliyejiandaa vizuri, akaitwa kwenye usaili Dodoma, akakosa nauli. Katika ripoti alihesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa.

Ugumu wa kwanza ni kwamba wanaokuja kwenye warsha za jioni mara nyingi ni wale ambao tayari wana ndugu kazini wa kuwaelekeza, ilhali yule anayefundisha tuisheni Mbagala ili apate hela ya kula hafiki. Tukiyalinganisha makundi hayo, tunapima tofauti iliyokuwapo kabla hatujafungua mlango. Naona ni haki zaidi, pale waombaji wenye uhitaji wanapozidi nafasi za washauri, kuchagua kwa bahati nasibu, kuwapa waliokosa nafasi muhula unaofuata, na kuwafuatilia wote kwa vipindi vinavyolingana. Muda nao una uzito: Uingereza iliacha kuwauliza wahitimu baada ya miezi 6, na sasa huwauliza baada ya miezi 15 hivi, kwani kazi ya mwanzo huwa ya kupita tu.

Sisi tuna kumbukumbu ambayo hatuitumii ipasavyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hurejeshewa asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika kupitia kwa mwajiri. Kwa hiyo mnufaika anayeingia kwenye ajira rasmi huonekana, hata kama amebadilisha laini ya simu. Aliyejiajiri haonekani kwa urahisi huo, na huyo ni lazima tumpigie wenyewe. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa hizo, ridhaa iombwe mapema, kwenye fomu ileile ya kujiandikisha warsha, pamoja na namba ya mzazi au jirani atakayejua kijana amehamia wapi.