Kumbukumbu ya mradi: roboti ya EV3 inayofuata mstari

Hali ya sasa: roboti inafuata mstari mweusi kwenye ubao mweupe bila kutoka, hata kwenye kona kali. Imejengwa kwa kompyuta ya EV3 (seti ya roboti ya LEGO), mota kubwa mbili (tundu B na C), kihisi rangi (tundu 3), magurudumu mawili ya kipenyo cha mm 56, na goroli ya chuma inayobeba nyuma. Programu ni ya MicroPython (lugha ya Python iliyopunguzwa kwa vifaa vidogo), inawashwa kutoka kwenye kadi ya microSD isiyozidi GB 32.

Fremu kwanza, programu baadaye. Makosa mengi yanayodhaniwa ni ya programu huwa yamo kwenye vipande. Funga fremu kwa pini nyeusi, ambazo hubana. Za kijivu huzunguka bure, zinafaa pale tu panapotakiwa kucheza. Kisha kagua bushi za ekseli, yaani vipete vinavyozuia ekseli isichomoke. Bushi ikisukumwa mpaka ikabana fremu, gurudumu husugua na mota ya upande huo huhangaika bure. Acha mwanya wa unene wa karatasi.

Mpira wa tairi hubonyea kwa uzito, kwa hiyo 56 si kipenyo cha kutumia kwenye hesabu. Amuru roboti iende mm 1000, kisha pima. Ikiishia 980, kipenyo halisi ni 56 × 980 ÷ 1000, yaani 54.9. Kwa kugeuka papo hapo, zidisha pembe kwa umbali kati ya magurudumu, gawanya kwa kipenyo. Magurudumu yakiachana mm 120, robo duara ni 90 × 120 ÷ 54.9: kila mota izunguke digrii 197, moja mbele, nyingine nyuma.

Kihisi kikae karibu mm 8 juu ya ubao, yaani nafasi ya tundu moja la kipande. Mstari wetu ni solotepu nyeusi ya fundi umeme. Hapo kihisi kilisoma asilimia 8 ya mwanga unaorudi juu ya weusi na 62 juu ya weupe. Wastani ni 35, na hiyo ndiyo namba ya kulenga, kwa maana roboti hufuata ukingo wa mstari, si katikati yake. Jua likipiga dirishani, soma upya.

Kila milisekunde 10 programu inachukua tofauti kati ya usomaji na 35, inazidisha kwa kizidisho, na jibu linakuwa kasi ya kugeuka. Tulianza na 1.2 kwa mwendo wa mm 100 kwa sekunde, na kwenye kona roboti ilitoka kila mara. Hesabu inaonyesha sababu: tofauti kubwa kabisa ni 27, kwa hiyo kugeuka hakuzidi digrii 32 kwa sekunde, na kona yoyote yenye nusukipenyo chini ya mm 180 hivi haipitiki. Kwa 2.5 inapita hadi mm 85. Ukipandisha zaidi, inaanza kuyumba kwenye mstari ulionyooka. Punguza mwendo badala ya kupandisha. Ikiukimbia mstari tangu mwanzo, iko ukingo wa pili: geuza alama ya kizidisho iwe hasi.

Kazi inayofuata ni kihisi cha umbali kwenye tundu 4. Kinapima kuanzia sm 3, hivyo amri ya kusimama tutaiweka sm 10.