Nilivyonunua Cessna ya mkononi nikiwa Tabora

Ndege ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa inameremeta: rangi mpya, viti vya ngozi, na muuzaji akijisifu kwamba tangu injini ifumuliwe haijaruka hata saa mia mbili. Ilikuwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, imeegeshwa pwani kwa miaka mingi. Fundi niliyekwenda naye, mzee aliyezeekea kwenye karakana za ndege, hakuhangaika na rangi. Aliomba madaftari ya injini, akavaa miwani, akakaa chini ya bawa na kusoma ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, hizo saa chache ndiyo ugonjwa wenyewe. Hii imelala."

Lycoming, watengenezaji wa injini hizo, wanashauri ifumuliwe ikifikisha saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Kwenye injini hizo kamshafti, chuma kinachozunguka na kufungua vali, iko juu. Ndege ikikaa bila kuruka, oili huteremka yote chini, unyevu ukaingia na kutu ikashika chuma kikavu. Siku ukiiwasha, ile kutu inasaga kamshafti na unga wa chuma unazunguka na oili. Ongeza chumvi ya bahari inayokula bati la mabawa kwa ndani, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Tukaaga.

Niliyoinunua ilikuwa sura mbaya. 172N, toleo la 172 la mwishoni mwa miaka ya 1970, rangi imebabuka, kitambaa cha viti kimechanika, lakini ilikuwa inaruka karibu kila wiki na daftari zake hazina pengo. Mzee aliingiza upepo wa shinikizo la ratili 80 kwa inchi ya mraba kwenye kila silinda na kusoma uliobaki. Zote nne zilisimama juu ya 70. Wakati upepo unavuja alikuwa anategea sikio: ukisikika kwenye ekzosi, vali ndizo zina kasoro, ukisikika kwenye tundu la kijiti cha oili, ni ringi za pistoni. Kisha akakata chujio la oili, akakunjua karatasi yake juu ya meza na kupitisha sumaku. Hakukunasa kitu.

Kilichonishangaza ni muda aliotumia kwenye reli za viti, vile vyuma vya sakafuni vyenye matundu ambamo pini ya kiti hujifunga. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima kuhusu reli hizo kwenye ndege za Cessna, kwa sababu pini ya kiti ilikuwa inaweza kuchomoka kwenye tundu lake, kiti kikaachia na kuteleza nyuma ndege ikiwa inapaa. Rubani anarudi nyuma na usukani mkononi, pua inanyanyuka, ndege inapoteza nguvu ya kuelea karibu na ardhi. Mzee alipima tundu moja moja. Kwenye reli ya rubani, tundu mbili zilikuwa zimetanuka na kuwa kama yai. Reli mpya ilifungwa kwa gharama ya muuzaji, ndipo nikatoa pesa. Usajili na cheti cha kuruka cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni makaratasi na subira tu. Sina la kusimulia hapo.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza, kuanzia mama watoto, ni moja: ikizimika angani je? Haianguki kama jiwe. 172 kwa kila mita inayoshuka inasonga mbele kama mita tisa, kwa hiyo ukiwa mita 1,000 juu ya ardhi una kilomita kama tisa za kuchagua pa kutua, upepo ukiwa haukupingi. Shida ni kilichopo ndani ya kilomita hizo tisa. Ukinyoosha moja kwa moja kutoka Tabora kwenda Kigoma, sehemu kubwa ni miombo na vinamasi vya Malagarasi. Ndiyo maana mimi nafuata Reli ya Kati: Urambo, Kaliua, Uvinza. Najua inanizungusha kidogo, lakini kandokando ya reli kuna mashamba ya tumbaku, barabara, na watu watakaoona nimetua.

La pili ni joto. Kiwanja cha Tabora kiko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, nyuzi 32, hewa ya joto inakuwa nyepesi na ndege inajihisi iko zaidi ya mita 2,000. Inakimbia sana kabla ya kunyanyuka na inapanda kwa uvivu. Naondoka saa moja asubuhi, na mzigo naupima kwa mizani. Shemeji yangu alikasirika kidogo.

"Shemeji, si nimeona viti vinne?"

"Ni vinne. Lakini mwisho wake ni kilo 1,043 kila kitu ndani, na tenki zikijaa mafuta peke yake ni kilo kama 110. Watu wazima wanne na mabegi hatunyanyuki salama."

Alipanda treni.

Mafuta yenyewe sitegemei kuyakuta kila kiwanja, nahifadhi mapipa yangu. Petroli ya ndege ni ya bluu. Jet A-1 ya ndege kubwa haina rangi hiyo, na ikiingia kwenye tenki zangu kwa bahati mbaya injini inaweza kuzimika muda mfupi tu baada ya kupaa. Kwa hiyo hakuna anayejaza nikiwa sipo. Kila asubuhi nakinga kidogo kutoka chini ya kila tenki kwenye kikombe cha plastiki na kukiinua juani. Masika nimekuta maji humo, tone jeupe limekaa chini ya bluu. Namwaga, nakinga tena, hadi nipate bluu tupu.