Oktoba ya Tabora: Bustani Kabla ya Mvua

Mtu anayepita katika misitu iliyo nje ya mji wa Tabora mwishoni mwa Septemba anaweza kudhani kwamba mvua imekwisha kunyesha bila yeye kupata habari. Miyombo na mitundu, ambayo majuma machache kabla ya hapo ilikuwa matawi matupu yaliyopitiwa na moto, imevaa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba, na mininga imeanza kutoa maua yake ya manjano, ilhali ardhi iliyo chini yake ni kavu kiasi kwamba jembe likipigwa linadunda. Haya ndiyo majira yetu ya kuchipua, nayo huja wakati wa joto kali kuliko yote ya mwaka. Kwa kuwa Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini siku za mwanzo wa Oktoba, na joto la mchana hufika nyuzi 32 au hata kuzidi.

Wekundu wa majani hayo hutokana na anthosayanini, rangi ambayo hulikinga jani changa dhidi ya jua kali kabla halijajaa ukijani, na maji yanayolichipusha hutoka katika akiba ya shina na katika mizizi inayokwenda chini sana. Faida ya kutangulia ni dhahiri: mvua inapoanguka, jani limekwisha kukomaa na linaanza kazi siku hiyo hiyo. Mimi naona kwamba bustani ya masika, yaani ya msimu wa mvua, inapaswa kuendeshwa hivyo hivyo, na sababu yangu iko kwenye udongo. Udongo uliokauka kwa miezi mingi ukiloweshwa ghafla, vijidudu vilivyomo huamka na kuozesha mabaki ya mimea kwa kasi, na naitrojeni nyingi, ambayo ni chakula cha mimea, huachiliwa kwa siku chache. H. F. Birch, aliyefanya utafiti huko Muguga, Kenya, alilieleza jambo hili mwaka 1958, na wataalamu wa udongo wanaliita kwa jina lake hadi leo. Katika udongo wa kichanga kama wetu naitrojeni hiyo haikawii, kwani mvua zinazofuata huizamisha chini ya upeo wa mizizi midogo. Anayengoja mvua ndipo asie mbegu, miche yake hufika mezani sahani zikiwa zimeoshwa.

Kwa sababu hiyo kitalu changu huwa na mbegu ndani ya Oktoba: nyanya chungu, biringanya na pilipili. Nyanya chungu huhitaji majuma matano au sita hadi kuhamishwa, na pilipili huenda polepole zaidi. Kitalu hufunikwa kwa kichanja cha nyasi, ambacho hupunguzwa kidogo kidogo katika juma la mwisho ili miche izoee jua. Maji huwa ya shida wakati huu, lakini eneo dogo namna hiyo hutosheka na ndoo chache, na ni afadhali kuzitumia hapo kuliko kung'ang'ania kuokoa mchicha wa kiangazi ambao tayari umeanza kutoa mbegu.

Kazi nzito zaidi ni ya matuta. Wakati wa kiangazi tunalima katika majaluba yaliyozama, ambayo kingo zake huzuia maji yasitoroke. Yakiachwa hivyo hadi Desemba, mvua moja kubwa huyageuza madimbwi na mizizi huoza. Yanapaswa kugeuzwa kuwa matuta yaliyoinuka, yakikingama na mteremko, na ni vyema kazi hiyo ifanywe sasa, pamoja na kuchanganya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi siitaki bustanini: huunguza miche na huleta mbegu za magugu kutoka malishoni. Mabua na majani makavu, ambayo majirani wengi huyachoma, mimi huyaweka kando kwa ajili ya matandazo ya kufunika udongo, ingawa nakiri kwamba mchwa wa Tabora huwahi sehemu yao kabla yangu.

Kisha huja swali la mvua ipi ni ya kuhamishia. Mkoa wetu una msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wake kabla haujaanza. Taarifa hiyo inafaa kusikilizwa, lakini haielezi hali ya tuta moja moja. Manyunyu ya kwanza hulowesha vumbi tu. Nachimba kwa mkono, na unyevu usipofika kina cha kiganja kizima, miche hubaki kitaluni. Matandazo huwekwa baada ya kuhamisha, nayo huonyesha thamani yake zaidi Januari au Februari, mvua inapokatika kwa siku kadhaa.

Nyanya sizipandi masika. Unyevu huleta ugonjwa wa bakajani, na kuufukuza kwa dawa kila baada ya mvua ni gharama isiyolingana na mavuno ya bustani ya nyumbani; nyanya zitangoja Aprili. Karoti na saladi nazo zina wakati wake. Pakiti za mbegu kutoka Ulaya huelekeza zipandwe majira ya kuchipua, na anayefuata maelekezo hayo hapa mwezi Oktoba atazipika ardhini, kwa sababu baridi ya wastani inayofanana na ya huko tunaipata Juni na Julai, usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 15. Bamia, maboga na mlenda havihitaji kitalu. Mbegu zake huingia moja kwa moja tutani mara udongo unapolowa, maboga yakipewa pembe ya shamba yanakoweza kutambaa bila kuzifunika nyanya chungu.