Neno "gereza" lilivyonitoa jasho Ngome Kongwe

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar. Si papasi, yaani wale wanaowaandama wageni bila kibali; nina kitambulisho, ingawa wengi hawaoni tofauti. Miaka ya mwanzo, tukifika Ngome Kongwe, nilikuwa na maelezo mafupi ya kumaliza kazi: Waomani waliijenga baada ya kuwatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17, baadaye ikafanywa gereza, na neno gereza ni la Kiarabu. Nani angenibishia?

Alinibisha mama mmoja wa Kireno. Aliniomba nilitamke tena, nikamkatia polepole: ge-re-za. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Igreja!" Kwao hilo ni kanisa. Na humo humo ndani ya kuta za ngome mna masalia ya kanisa walilojenga Wareno kabla Waomani hawajajenga ngome yao mahali pale. Nimepita hapo mara ngapi, Mungu anajua.

Kesho yake nikanunua kaunta buku. Kila mgeni aliyepita mikononi mwangu nilimuuliza jambo moja tu: kanisa kwenu mnaliitaje? Mhispania akaniandikia iglesia, Mfaransa église, Waitaliano, ambao kwetu hawakosekani, chiesa. Yote, na igreja pia, yametoka kwenye ecclesia ya Kilatini, nayo imetoka Kigiriki, ambako maana yake ni mkutano. Kabla ya Ukristo, kule Athens, ndivyo raia walivyoliita baraza lao.

Kilichonipa kazi ni njia ya kutoka igreja hadi gereza. Nilikaa barazani nikayatamka yote mawili mpaka mke wangu akaniuliza kama niko salama. Ile j ya Kireno sisi hatuna, iliyo karibu nayo ni z. Gr haitukai mdomoni bila irabu katikati. I ya mwanzo ikaanguka. Basi. Hata hiyo r si ya asili: Mhispania akisema blanco, Mreno anasema branco. Kumbe wa kuchanganya l na r si sisi peke yetu.

Mromania ndiye aliyenivuruga. Aliandika biserică, nikadhani hajanielewa. Baadaye nikajua hilo lina ukoo wake, limetoka kwenye basilica, jengo kubwa la Warumi la mashauri na biashara. Nikalipa safu yake.

Agosti 2024 Waesperanto walifanya kongamano lao la dunia Arusha, la kwanza katika bara la Afrika, na baada yake nikapata mgeni mzee mwenye beji ya nyota ya kijani kifuani. Esperanto ni lugha ya kutungwa, Zamenhof aliitoa Warsaw mwaka 1887. Nilitegemea neno linalofanana na chiesa. Akaniandikia preĝejo. Preĝ ni kusali, ej ni mahali, o ni alama ya nomino: mahali pa kusalia. Na gereza? Malliberejo. Liber ni huru, mal hugeuza maana, ej ileile: mahali pa kutokuwa huru. Nilipenda usafi wake, lakini neno la namna hiyo halikwambii nani alijenga ukuta upi juu ya mwenzake. Letu, ukilifunua, unaukuta mchanga wa pwani.

Mzee huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba hata jela, tuliyoichukua kwa Waingereza, ilipitia Kifaransa cha zamani kutoka neno la Kilatini la tundu, kama la ndege. Wahispania bado wanaita tundu jaula.

Ikabaki kanisa. Hilo nililipeleka kwa ustadh aliyenifundisha Kiarabu utotoni.

"Shikamoo ustadh. Kanisa si letu?"

"Marahaba mwanangu. Waarabu wenyewe walilichukua kwa Waaramu. Maana yake mkusanyiko. Wayahudi bunge lao wanaliitaje?"

Knesset. Nilinyamaza. Kanisa ni mkusanyiko, gereza ni mkutano. Moja limekuja kwa jahazi la Waarabu, jingine kwa merikebu za Wareno, na maana ya mwanzo ni ileile. Niliandika hayo mawili kwenye ukurasa mmoja, nikapiga mstari wa kuyaunganisha kwa kalamu nyekundu.

Siku hizi siwaanzishi wageni getini. Nawapeleka moja kwa moja kwenye masalia ya kanisa, nawaachia daftari waandike neno lao, ndipo naeleza. Wengine wanataka picha tu, sina ugomvi nao. Wiki iliyopita walikuja wanafunzi kutoka bara, na kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mjomba, kwa hiyo Uingereza nayo ni gereza?"

Nikamwambia hapana, hayahusiani kabisa. Mwalimu wake akaniambia nisiwe na haraka.