Kijiti kilichotoka kikavu

Jirani amechoma maboksi tena jana jioni. Moshi wake, ule wenye harufu ya selotepu inayoungua, uliingia mpaka chumbani, nikamkumbuka Shangazi na lundo lake la mboji kule Kigamboni.

Ilikuwa 2019, mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni, na vitu vingi vya dukani vilikuja kwenye mfuko wa khaki au boksi. Maboksi mazima Shangazi aliwarudishia wenye maduka, wao wana kazi nayo. Yaliyochanika, yaliyolowa mafuta kidogo na trei za mayai ndiyo yalikwenda kwenye mboji. Ardhi yake ni mchanga mtupu: umwagilie asubuhi, saa nne ni kama hukumwagilia.

Boksi analilaza kwenye pipa la maji usiku kucha. Asubuhi selotepu na lebo vinabanduka bila ugomvi, kisha analichana kwa mkono vipande vya ukubwa wa kiganja. Boksi linalong'aa analijaribu kwanza: ukilichana ukaona utando unavutika, hilo lina plastiki, weka kando. Pakiti za maziwa na juisi hazigusi kabisa, maana ndani zina plastiki na nyingi zina alumini pia. Vikombe vya karatasi ni vivyo hivyo. Risiti za mashine nazo hazitaki kwa ile kemikali iliyopakwa juu.

Halafu ni kupanga: ndoo 2 za vipande vya boksi, ndoo 1 ya maganda na majani mabichi, nusu ndoo ya samadi ya kuku, maji, unarudia hivyo mpaka lundo lifike mita 1 upana na mita 1 kwenda juu. Boksi ni kaboni karibu tupu, zaidi ya sehemu 300 kwa 1 ya naitrojeni, wakati vijidudu vya kuozesha vinataka 25 hadi 30 kwa 1. Samadi ndiyo inayoziba pengo hilo. Mwisho anachomeka kijiti kirefu, mshazari, mpaka katikati. Hicho ndicho kipimajoto chake.

Siku ya kukichomoa tulikuwa Shangazi, mimi, na kijana wa bustani aliyelimalizia lundo wakati Shangazi yuko msibani. Kwa kawaida siku ya tatu au ya nne kijiti kinatoka cha moto na kimelowa. Shangazi alikivuta polepole huku akikizungusha. Shibiri za mwanzo zilitoka nyeusi, zina maji. Kisha ukafuata mti mkavu, rangi ileile uliyokatwa nayo, na ubavuni mstari mwembamba wa udongo. Akaukwangua kwa ukucha. Mchwa wawili weupe wakadondoka kiganjani. Akawatazama. Akakiweka kijiti shavuni, baridi, kisha akampa kijana naye akishike.

“Baba, humu umelaza maboksi mazima?”

Kijana akatafuta jibu kwenye sepetu yake, hakulipata.

Tulipofumua tukayaona, yamelala bapa moja juu ya jingine, yameshikana. Maji ya juu yalikuwa yakiteremka pembeni kama juu ya bati, na chini yake vumbi. Mchwa wanalipenda sana boksi lililotulia gizani bila kuguswa. Kwenye lundo lenye joto, lililolowa na linalogeuzwa, hawana raha.

Yaliyofuata ni kazi tu. Tukachana kila bapa, tukaloweka kwenye maji ya samadi, tukapanga upya. Unafinya konzi moja: likitoka tone 1 au 2, basi, likitoka mchirizi, maji yamezidi, hewa itakosekana na lundo litatoa uvundo. Kijiti kikarudishwa, na safari hii kilitoka hakishikiki. Hapo ndipo unapotaka, nyuzi 55 hadi 65, mbegu nyingi za magugu zife. Likipita 70 hata vijidudu vyenyewe vinaanza kufa, kwa hiyo unageuza lipoe. Aligeuza kila wiki mpaka likaacha kupanda joto, akaliacha liive.

Vuli ilipofika akapanda mchicha, na ulistawi hasa. Shangazi mpaka leo anasema ni maboksi. Mimi sina uhakika. Boksi halina lishe ya maana. Linachofanya ni kuupa mchanga kitu cha kushika maji, na lishe yenyewe inaweza kuwa yote imetoka kwenye samadi ya kuku. Lakini kwenye mchanga ule pengine maji ndiyo yaliyokuwa yakikosekana kuliko chochote. Nilimwomba atenge tuta moja la samadi tupu tulinganishe.

“Tuta la kujaribia,” akasema, “kawaombe wenye viwanja vya ziada.”